Kasha Lina Mwenyewe

Mama mwenyekiti, shikamoo. Akina mama wa kikundi mlionizidi umri, shikamooni nyote, na wale niliowazidi mimi, marahaba kabla hamjaniamkia. Na nyinyi wanaume wachache mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnatafuta njia ya kutoroka, hamjambo.

Nimeambiwa nisimame niseme nilivyoingia katika kikundi hiki. Wengi wenu mnajua, na baadhi yenu mlikuwepo. Lakini leo tuna wageni waliotoka Gede na Mambrui, na mama mwenyekiti amesema mgeni akikuta dume zima limekaa katikati ya wanawake likishona makuti, ni haki yake aelezwe. Chekeni tu, nimezoea. Sitataja jina la mtu hapa. Atakayejijua amejijua, na wa kuaibika zaidi ni mimi mwenyewe.

Naona pia wengine mnatupa macho nje. Naam, lile wingu la upande wa bahari nimeliona, na nililiona kabla yenu. Zamani nikiona wingu kama lile mlikuwa hamnioni tena, hata kama tuko katikati ya sala. Hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Ndugu zangu, mimi ni fundi wa umeme. Nafanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Kazi yangu ni taa, feni na pampu ya maji, na jioni kuwafungia wanamuziki nyaya zao kando ya bwawa la kuogelea. Bendi huja kwa mkataba, zikapiga msimu wa wageni, kisha zikaenda zao. Mimi ndiye ninayewawekea amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, na kuhakikisha haimpigi mtu shoti. Kwa hiyo kila jioni nasimama nyuma ya jukwaa na bisibisi yangu mfukoni. Kuna kitu nilikipenda pale kuliko hata muziki wenyewe. Mpigaji anapofungua sauti, kabla hajagusa uzi hata mmoja, ile mashine huguna kidogo. Nikiusikia ule mguno, vinyweleo vya mikono vilikuwa vinanisimama.

Sasa msimu mmoja bendi moja ilivunjika hapahapa Malindi. Kiongozi wao alitoweka na gari, wenzake wakabaki na mabegi yao. Mpiga solo akanijia pale tunapoweka vifaa, akaniambia anataka kurudi kwao bara na hana nauli. Alikuwa na gitaa jekundu lililotengenezwa Japani. Lilikuwa ndani ya kasha refu jeusi, gumu, lenye vifungo vya chuma, na ndani ya kasha mmewekwa mahameli ya buluu, laini mno. Nikampa baiskeli yangu. Aliiuza siku ileile akapanda basi, nami nikarudi Muyeye kwa miguu, kasha begani. Nawaambia kweli, ile njia sikuihisi.

Mnaoijua Muyeye mnajua tunavyoishi. Nyumba yangu ni ya udongo na makuti, na umeme haukuwa umefika upande wetu. Mimi ninayewasha hoteli nzima, kwangu nawasha kibatari, na ndiye niliyenunua gitaa la umeme. Gitaa la umeme bila umeme halisemi, linalia kidogo tu kama mbu. Ilinibidi niweke sikio juu ya ubao ndipo nilisikie. Mwenzangu, yaani mke wangu, alinikuta nimeinama namna ile akaniuliza kama gitaa linaumwa.

Kama ningeishia hapo, tungecheka leo na mambo yangeisha. Lakini kulikuwa na mgeni mmoja wa Kizungu ambaye nilimtengenezea feni, naye aliponiona nimesimama kila jioni nyuma ya jukwaa, akaniachia kitabu cha picha. Kitabu kizima ni magitaa. Sikujua lugha ya mle ndani, ila picha nilizijua moja baada ya nyingine. Nilijua pembe za kila gitaa, vishikizo vyake vya kukazia nyuzi, mahali pa kufungua sauti na zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa mlio. Nilijifunza mambo ya vitu nisivyopata kuviona. Ndipo nikaanza kuona kila kinachopita. Bendi ikiondoka, mimi niko mlangoni kuuliza wanaacha nini. Nikapata gitaa la besi lililopungukiwa na vishikizo viwili. Nikapata jingine la rithim ambalo shingo yake imepinda. Nikapata kile kidude kinachokanyagwa kwa mguu kubadili sauti, nikakilipia kwa redio yetu. Mbuzi wa mwenzangu aliyepewa na mama yake naye akaenda kwa spika mbili zilizokuwa zimetoboka.

Mtaona kwamba kila kitu nilichopata kilikuwa na upungufu, na hapo ndipo penye mtego. Besi haiwi besi mpaka nipate vishikizo, nikipata vishikizo nataka nyuzi, nikipata nyuzi sina kasha la kuiweka. Nilikuwa najiambia, nikishakamilisha nitapumzika. Mwenzangu alikuwa akiniuliza nikamilishe nini. Kupiga kwenyewe nilikuwa najua nyimbo tatu, na ya tatu nusu.

Halafu ikaja ile amplifaya. Bendi moja kubwa ilikuwa inaondoka, na kiongozi wake alitaka kuiacha kwa sababu ni nzito kusafirisha. Niliifunga nyaya mwenyewe msimu mzima, naijua ndani na nje. Nilikuwa nataka ule mguno uwe wangu. Nilishajipangia kwamba umeme ukifika Muyeye, nitafungua mlango nikae barazani, niiwashe, basi. Lakini sikuwa na kitu cha kutoa kilichobaki ila minazi.

Minazi hiyo ni ya marehemu baba, iko upande wa Mambrui. Kwa wageni ambao hawaujui mtindo wetu, mtu anaweza kuweka minazi rehani na shamba likabaki lake. Anayekupa fedha anakula minazi yako mpaka utakapomrudishia zake. Nikaenda kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa Mambrui, mtu mwenye adabu zake, tukaandikiana mbele ya mashahidi. Mimi katika kupiga hesabu zangu nilifikiria nazi tu. Nikasema nazi tutanunua sokoni, si kitu. Makuti sikuyafikiria hata kidogo. Nimezaliwa chini ya makuti, nimekua chini ya makuti, mama yangu alishona makuti mpaka vidole vikapinda, na mimi nikasahau kwamba kuti linatoka kwenye mnazi.

Chekeni, lakini si sana, kwa sababu sasa tunafika penyewe.

Amplifaya ikaingia chumba cha ndani pamoja na wenzake. Nyumba yangu ina vyumba viwili na ukumbi mdogo. Chumba cha ndani kikawa cha magitaa, sisi tukalala cha mbele. Nikaweka kufuli mlangoni, maana habari zilikuwa zimeshaenea, watoto njiani wananiita Bwana Magitaa, na nilikuwa naogopa wezi. Ufunguo niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikioga ninao, nikilala ninao.

Hewa yetu hii ina chumvi. Uzi mpya ukiuacha, muda si mrefu umeshika kutu. Sumaku zinashika kutu, vishikizo vinashika kutu. Nikaona nitumie akili, nikayapaka magitaa yote mafuta ya nazi. Mende wa Muyeye nzima wakapata habari. Wakaja kula mafuta, wakamaliza na kitambaa cha spika. Basi nikawa mtu wa kupangusa. Narudi kutoka kazini, najifungia ndani, napangusa. Mshahara unaishia kwenye nyuzi za kuagiza Mombasa, na nyuzi zinaishia kwenye kutu.

Mtaniuliza kwa nini sikuuza. Niliwaza, jamani. Lakini ningemuuzia nani? Mwenye haja navyo ni mwanamuziki, naye huja msimu mpaka msimu, na akija anataka kitu kizima. Vyangu vilikuwa nusu nusu. Nikiviuza vilivyo napata hasara, nikisubiri vikamilike vinaharibika. Nikibaki nyumbani sina kazi, nikienda kazini nawaza nyumbani. Mwaliko wa harusi ukija nauliza kwanza kama nitawahi kurudi. Mfungwa ana askari wake, na askari ndiye mwenye ufunguo. Mimi nilikuwa mfungwa, nilikuwa askari, ufunguo ninao mwenyewe shingoni, na bado sitoki.

Paa likachoka. Makuti hayadumu milele, mnajua nyinyi kuliko mimi. Likaanza kuvuja chumba cha mbele, kisha cha ndani. Nikaenda Mambrui kwa yule mzee, nikamwamkia, akanipa kahawa. Nikamwambia nataka makuti ya paa langu kutoka kwenye minazi ya baba yangu. Hakunikaripia wala hakucheka. Akasema, "Mwanangu, makuti yale mimi nimeshamuahidi mtu. Minazi ukiikomboa leo, kesho makuti ni yako." Nikamaliza kahawa yake. Nikatoka nikapita katikati ya minazi ile, makuti makavu yameanguka kila mahali, na sikuwa na ruhusa ya kuokota hata moja.

Nikarudi nyumbani nikafanya jambo ambalo mpaka leo nalionea haya. Nikapanda juu ya nyumba. Makuti yaliyokuwa bado mazima upande wa mbele, tunapolala, nikayachomoa, nikaenda kuziba nayo upande wa ndani, juu ya magitaa. Mwenzangu alikuwa amesimama uani akiwa na mtoto wetu mgongoni, binti yetu, ndio kwanza anaanza kujifunza kukaa. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia natengeneza paa.

Katika siku hizo mjomba wangu akafariki. Huyo ndiye aliyenilea baba alipotutangulia. Tukaenda kuzika. Jeneza limeshateremshwa, watu wameshika udongo mkononi wanangoja zamu, na mimi niko mstari wa mbele kwa sababu ndipo panaponipasa. Nikainua macho nikaona wingu. Asubuhi nilitoka bila kuyafunika magitaa karatasi ya nailoni. Nikaushika ule udongo kidogo. Nikautazama. Kisha nikauacha ukaanguka chini, si kaburini, chini hapo miguuni pangu, nikageuka nikapenya katikati ya watu nikaondoka. Watu wote waliniona. Mke wa mjomba aliniona.

Tangu siku hiyo Muyeye ilinyamaza kwangu. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia wakapita. Na mimi nilijua kabisa kwamba hapa kwetu paa halijengwi na mtu mmoja, unaita watu, watu wanakuja. Mimi nitamwita nani? Aliyeondoka kaburini kabla ya udongo, nani ataacha kazi zake aje kumpandia juu ya nyumba?

Masika yakaingia sawasawa. Mtoto akashikwa na kifua. Mwenzangu akampeleka zahanati, muuguzi akampa dawa ya maji, akamwambia dawa peke yake haitasaidia kitu, mtoto huyu lazima alale pakavu. Mwenzangu akaja akanieleza maneno hayo kama alivyoambiwa. Nikaitikia. Nikamwambia nitafanya mpango. Ndani ya chumba cha mbele tulikuwa na ndoo mbili, sufuria na beseni, na kitanda tunakisogeza kila mvua inapobadilisha upande. Mtoto alikuwa anakohoa, na kila akikohoa mimi natazama ule mlango wenye kufuli na sisemi neno. Niliogopa nikisema neno moja tu, mlango utafunguka.

Siku moja nilikuwa kazini asubuhi, mvua ikashuka kubwa. Nikaomba ruhusa, nikasema mtoto wangu mgonjwa. Ilikuwa kweli, lakini siye niliyekuwa nikimkimbilia. Nikafika nimelowa chapachapa. Mlango wa chumba cha ndani uko wazi. Kufuli limening'inia pamoja na kipande cha mbao. Mwenzangu alikuwa amelivunja kwa mchi wa kutwangia.

Nikaingia. Gitaa langu jekundu liko chini, juu ya sakafu ya udongo, tupu, na maji yamelizunguka. Nikapiga magoti. Nikaliinua, nikavua shati, nikaanza kulipangusa, mbele, nyuma, shingo, nikapitisha jicho kuona kama shingo imepinda. Nikalipangusa mpaka likakauka. Ndipo nikasikia kikohozi nyuma yangu.

Kasha lilikuwa juu ya amplifaya, limefunguliwa, kifuniko kimeegemezwa ukutani kama paa dogo. Ndani yake, juu ya ile mahameli ya buluu, alikuwa amelala binti yangu, amefunikwa leso ya mama yake. Katika nyumba ile nzima, pakavu palikuwa pale tu. Na mwenzangu alikuwa amesimama pembeni tangu nilipoingia. Ameniona nikipiga magoti, ameniona nikivua shati. Akaniambia taratibu, kama mtu anayeomba apewe chumvi:

"Gitaa umelipangusa. Sasa mpanguse na mwanao."

Nikaweka gitaa chini. Nikamgusa mtoto paji la uso, lilikuwa moto. Maji yalikuwa yakinitiririka kutoka kichwani yakimdondokea, nikajaribu kumfuta kwa lile shati, na shati limelowa, linamlowesha zaidi. Nikatafuta kitu kikavu mle ndani cha kumfutia mwanangu, na kikavu kilikuwa ni vile vitambaa vya kupangusia magitaa, vimekunjwa vizuri, vimepangwa. Ndipo nikalia. Nawaambia bila haya, nililia kwa sauti mpaka mwenzangu akaninyang'anya kitambaa akamfuta mwenyewe.

Akamfunga mgongoni, akachukua kasha akalibeba kichwani likiwa limefungwa, akaniambia, "Nampeleka penye paa." Akaenda kwa mke wa mjomba.

Nikabaki na magitaa yangu. Nikavua ule ufunguo shingoni, ingawa kufuli lenyewe limeshavunjika, sijui nilikuwa nauvaa wa nini. Nikawafuata. Kutoka kwangu mpaka kwa mke wa mjomba si mbali, lakini siku ile nilisimama njiani zaidi ya mara moja nikitaka kurudi.

Nilimkuta na akina mama wa kikundi hiki, wako kwenye banda lake wanashona makuti. Yeye ndiye aliyekianzisha, mnamjua, sitamtaja, na asinikazie macho hivyo. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba. Sina paa, na sina uso wa kuomba paa." Sikuwa nimepanga maneno, hayo ndiyo yaliyotoka.

Akanitazama sana. Kisha akasema, "Siku ile uliondoka kabla ya udongo. Leo utakaa mpaka kuti la mwisho." Akasogeza mguu wake, akanionyesha mahali pa kukaa.

Nikakaa. Wakanipa kijiti na makuti, wakanifundisha kukunja na kupitisha kamba. Vidole vyangu vimezoea nyaya nyembamba, kuti lilinikata. Tulishona. Haukupita muda wingu jingine likaja, nami nikaliona kama kawaida yangu. Kila kitu kilikuwa wazi kule nyumbani. Mlango umevunjwa, karatasi ya nailoni nimeiacha ukumbini, gitaa jekundu liko sakafuni. Miguu yangu iliinuka yenyewe. Mama akasema bila kuinua kichwa, "Kaa."

Mvua ikashuka. Nilikuwa naisikia juu ya paa la mama haiingii hata tone, na nilikuwa naisikia kichwani kwangu inavyoingia kule. Kila tone nilijua limeangukia nini. Nikawa nashona na kufumua. Upande wa pili wa banda, mwanangu alikuwa amelala ndani ya kasha, anakohoa, kisha kikohozi kikapungua, kisha nikamsikia anapumua. Nikashona. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa kitako. Tulipomaliza lile kuti la mwisho, mvua ilikuwa imeshakatika, na mimi nilijihisi mwepesi, nikaona ajabu kwamba bado niko hai.

Nilirudi kuangalia. Ile amplifaya, niliyoiwekea rehani minazi ya baba yangu, ilikuwa imejaa maji. Haikupona. Ndugu zangu, sikuisikia ikiguna nyumbani kwangu hata siku moja.

Makuti ya paa langu yalitoka kwenye minazi yenu. Kila mama alileta ya kwake, na wengine wenu mlikuwa na nyumba zenu zinazongoja. Waume zenu na kaka zenu wakapanda juu. Hakuna aliyenikumbusha kaburi, wala hakuna aliyeniambia Bwana Magitaa siku ile. Tuliezeka nyumba nzima, mbele na nyuma sawasawa. Mtoto alirudi na mama yake kukiwa na jua, na paa linanukia upya.

Msimu ulipoanza nikauza vilivyosalia, nusu nusu hivyohivyo, kwa hasara. Kile kidude cha kukanyaga nilimpa mtu bure. Nikaongeza kazi za jioni kwa jirani mwenye jenereta, na baada ya mavuno kadhaa nikaikomboa minazi. Yule mzee wa Mambrui akanipa mkono na kahawa nyingine, akasema makuti yaliyoanguka wiki ile ni yangu. Nikayaleta hapa kwenye kikundi, na tangu siku hiyo sijakosa kikao.

Gitaa jekundu lilikuwa la mwisho. Kiongozi wa bendi mpya alikuja kulitazama kwangu, akalipenda, shingo haikuwa imepinda. Akaniuliza kasha liko wapi. Lilikuwa pale chumbani, na binti yangu yumo ndani amelala usingizi wa mchana. Akasema gitaa bila kasha atalibebaje, akaongeza bei ili nimpe vyote. Nikamwambia alibebe ndani ya gunia.

"Kasha lina mwenyewe," nikamwambia.

Binti alilala mle mpaka miguu yake ikagusa mwisho. Sasa anakwenda nasari, na kasha ni la nguo zake za shule. Vifungo vimeshika kutu, navifungua kwa mafuta ya nazi, na mende siku hizi hawaji.

Bado ni fundi wa hoteli. Jioni bado nawafungia watu nyaya, na ule mguno bado naupenda, sitawadanganya. Nausikiliza, nahakikisha hakuna shoti, naenda zangu nyumbani.

Somo langu ni dogo, na mwenye akili kuliko mimi ataliongeza. Unapoleta kitu nyumbani, usitazame tu kama una cha kukilipia. Tazama ni nani atakayehama ili hicho kitu kipate pa kukaa. Na kama unapajua pakavu katika nyumba yako, jiulize amelala nani.

Namshukuru mwenzangu na mchi wake. Nawashukuru nyinyi kwa kila kuti mlilotoa mkiwa na haja nalo. Na wewe mama uliyeniambia nikae, na mwaka uliofuata wewe mwenyewe ukanipeleka kaburini kwa mjomba, ukanisimamisha pale mpaka nikaushika udongo wake mara ya pili na kuuweka mahali pake, Mungu akulipe kwa yale mimi nisiyoweza kukulipa.

Sasa mvua imeanza, mnaisikia. Wageni wa Gede, msiwe na wasiwasi, banda hili tumelishona wenyewe. Nami nakaa. Nani ameshika kamba yangu ya kushonea?